Taimingi ya gari la zamani baada ya matengenezo: usizungushe distributa kabla hujajua pistoni iko wapi

Gari linakuja likiwa linawaka, na hapo ndipo watu wengi wanapochanganyikiwa. Mwenye gari anakueleza kwamba limebadilishwa gasketi ya hedi juzi tu. Kabla ya hapo lilikuwa linavuta vizuri, shida yake ilikuwa kuchemsha. Sasa linawaka, linatulia kwenye sailensi (injini ikizunguka bila kukanyaga mafuta), lakini akikanyaga mafuta linajikokota, mlima mdogo linadai gia ya pili, na kuchemsha bado linachemsha. Fundi aliyelifunga amemwambia kabureta imechoka.

Miaka yangu mingi kazini nimeimalizia kwenye magari ya aina hii: ya kabureta, ya pointi (vile vyuma vidogo ndani ya distributa vinavyofunguka na kufunga ili kutoa cheche), na yale ya mwanzo ya EFI (kompyuta inapima mafuta badala ya kabureta) ambayo bado yana distributa, kifaa kinachogawa cheche kwa plagi za silinda zote. Nikifungua boneti ya gari kama hilo, jicho langu linakwenda kwanza kwenye bolti inayoshika distributa. Mguu wa distributa una tundu refu lililopinda kidogo, ili uweze kuizungusha unapopanga taimingi. Injini iliyofungwa sawasawa, bolti hukaa katikati ya tundu hilo au karibu na katikati. Ukiangalia vizuri utaona hata alama ya zamani: duara safi la chuma pale washa ilipokaa kwa miaka, na grisi iliyokauka pembeni yake. Nikikuta duara hilo liko katikati lakini bolti sasa imebanwa kwenye kona ya mwisho ya tundu, najua kuna mtu ameitafuta taimingi akaikosa, akazidi kuzungusha mpaka nafasi ikamwishia.

Gari nililolieleza hapo juu lilikuwa hivyohivyo. Kabureta yake ilikuwa nzima. Mkanda wa taimingi ulikuwa umekosewa jino moja, na distributa ilikuwa imezungushwa ili kulificha kosa hilo. Naandika haya kwa sababu kosa hili nimelikuta mara nyingi mno, na kila mara mwenye gari alikuwa ameshanunua vifaa ambavyo hakuvihitaji.

Taimingi ziko mbili

Mtu akisema "taimingi imeharibika", muulize ipi. Kuna taimingi ya valvu, yaani uhusiano wa krenki (shafti inayozungushwa na pistoni) na kamshafti (shafti inayofungua valvu), ambao unashikwa na mkanda, cheni au gia. Na kuna taimingi ya cheche, yaani plagi inapiga wakati pistoni iko wapi. Ya kwanza ndiyo msingi. Ya pili inapangwa juu yake.

Krenki huzunguka mara mbili kamshafti inapozunguka mara moja. Kwa hiyo gia ya kamshafti ina meno mara mbili ya gia ya krenki. Chukua injini ambayo gia ya krenki ina meno 20 na ya kamshafti 40. Gawanya digrii 360 kwa 20: kila jino la krenki ni digrii 18. Mkanda ukikosewa jino moja, valvu zote zinafunguka na kufunga digrii 18 kabla au baada ya wakati wake. Hiyo si tofauti ndogo, kwa sababu injini nyingi za zamani cheche yake kwenye sailensi hupangwa kati ya digrii 5 na 12 kabla ya pistoni kufika juu.

Sasa, distributa nyingi huendeshwa na kamshafti. Kamshafti ikichelewa digrii 18, cheche nayo inachelewa digrii 18. Fundi anaweka taa ya taimingi (inamulika kila plagi namba moja inapopiga), anaona alama iko mbali, anazungusha distributa mpaka alama irudi. Kwenye taa kila kitu kinaonekana sawa na cheche kweli iko sawa, ila valvu zimebaki zimechelewa, na hakuna distributa inayoweza kurekebisha valvu. Ndiyo maana bolti inakutwa kwenye kona ya tundu: distributa huzunguka nusu ya mwendo wa krenki, kwa hiyo digrii 18 za krenki ni digrii 9 za distributa, na hiyo mara nyingi inatosha kuimaliza nafasi ya upande mmoja.

Anza kwa kuuliza ni nini kiliguswa

Gari lilikuwa zima likaingia matengenezo, likatoka na ugonjwa. Usianze kutafuta ugonjwa wa uzee. Tafuta kilichofunguliwa.

Hedi ikivuliwa, mkanda au cheni ilivuliwa pia, kwa hiyo taimingi ya valvu ndiyo mshukiwa wa kwanza. Kama hedi ilipelekwa kusawazishwa, na kamshafti iko juu ya hedi, ujue umbali kati ya krenki na kamshafti umepungua, na kamshafti inachelewa kidogo hata kama meno yote yamekaa mahali pake. Kidogo hicho peke yake hakilifanyi gari likose nguvu kiasi cha kushindwa mlima, lakini alama zitaonekana hazikulingana kabisa na mtu mwenye wasiwasi atahamisha jino bila sababu.

Sili ya mafuta ya mbele ikibadilishwa, puli ya krenki ilitolewa. Hapo kagua kii, kile kipande kidogo cha chuma kinachozuia puli na gia zisizunguke juu ya krenki, na bolti kubwa ya puli. Bolti hiyo isipokazwa kwa nguvu inayotakiwa, puli inacheza, kii inaliwa pole pole, na taimingi inahama ukiwa njiani. Gari lililotoka gereji likiwa zuri kisha likaharibika baada ya siku chache, mimi huanzia hapo.

Waya za plagi zikitolewa, kagua mpangilio. Pointi zikibadilishwa, kagua pengo. Menifoldi ya kuingiza hewa au kabureta ikifunguliwa, kagua mipira yote ya hewa, hasa ule mwembamba unaokwenda kwenye distributa. Na distributa yenyewe ikichomolewa, kila kitu kinaweza kuwa kimekosewa. Hiyo nitaieleza peke yake.

Gari linakuambia nini kabla hujalifungua

Cheche ikichelewa, injini inakuwa nzito. Inawaka kwa urahisi tu, lakini haina nguvu, inakula mafuta, inachemsha, na bomba la menifoldi ya moshi linapata moto kupita kiasi kwa sababu mafuta bado yanaungua valvu ya moshi inapofunguka. Usiku unaweza hata kuliona limekuwa jekundu.

Cheche ikitangulia mno, stata inahangaika. Inazunguka, inagoma, inazunguka tena, kama vile kuna kitu kinairudisha nyuma, hasa injini ikiwa ya moto. Ukiwa barabarani na kukanyaga mafuta kwenye gia kubwa unasikia mlio wa ting-ting-ting, kama misumari kwenye kopo. Usiendelee kuliendesha likigonga hivyo. Pistoni na gasketi uliyotoka kuibadilisha ndizo zinazoumia.

Injini ikipiga risasi kupitia kabureta na haitaki kuwaka kabisa, fikiria waya za plagi zimepishana au distributa imeingizwa ikiangalia upande mwingine. Na ikiwaka lakini inamisi kwa mpangilio ule ule, silinda mbili zinafanya kazi na mbili hazifanyi, nenda moja kwa moja kwenye waya.

Valvu zikichelewa jino moja, gari linafanana sana na lile la cheche iliyochelewa. Tofauti ni kwamba kupanga cheche hakulisaidii. Kipimo cha kompreshani, yaani shinikizo la hewa ndani ya silinda, ndicho kinachozitenganisha. Lile gari la gasketi lilikuwa linatoa kati ya psi 125 na 130 kwenye silinda zote nne. Namba zilikuwa zinakaribiana hivyo, zote ziko chini. Ringi zilizochoka haziliki zote sawasawa, na valvu iliyoungua inaiangusha silinda moja. Silinda zote zikishuka pamoja mara tu baada ya hedi kufungwa, tazama mkanda. Baada ya kurudisha jino lile moja zilipanda zote zikafika kwenye 155 hadi 160, bila kugusa kitu kingine. Ukipima, injini iwe ya moto, plagi zote zimetolewa, cheche imekatwa, na mtu akanyage akselereta mpaka chini, la sivyo namba zitakudanganya.

Mwenye geji ya vakyumu, ile inayopima mvuto wa hewa kwenye menifoldi, anaweza kuitumia pia. Ichomeke kwenye menifoldi, injini ikiwa ya moto kwenye sailensi. Injini nzima ukanda wa chini karibu na bahari husoma inchi 17 hadi 21 za zebaki, na sindano inatulia. Ukipanda juu, toa karibu inchi moja kwa kila mita 300. Sindano iliyotulia lakini iko chini kwa inchi mbili tatu ni cheche iliyochelewa. Iliyotulia ikiwa chini sana, kwenye 15 kushuka, ni taimingi ya valvu au menifoldi inayovuta hewa.

Kuipata topu ya kweli ya silinda namba moja

Topu ni pale pistoni inapofika juu kabisa. Hapa taratibu. Kila kitu kinachofuata kinategemea hatua hii.

Gari liwe kwenye gia huru, breki ya mkono imevutwa, waya hasi wa betri umetolewa. Toa plagi zote nne ili injini izunguke kwa mkono bila kupambana na kompreshani. Weka spana kwenye bolti ya puli ya krenki na uzungushe upande ambao injini huzunguka. Kamwe usitumie stata kama unashuku mkanda. Kuna injini ambazo valvu na pistoni hugongana mkanda ukikosewa, na stata haina huruma. Ukizungusha kwa mkono na ukahisi kitu kigumu kimegota, simama hapo hapo. Usilazimishe.

Ziba tundu la plagi namba moja kwa kidole gumba na uzungushe. Pistoni ikipanda kwenye kompreshani, hewa inasukuma kidole. Ikipanda kwenye mpando wa moshi, hakuna msukumo. Unautaka ule wenye msukumo. Namna nyingine, kwa injini nyingi za silinda nne, kama umefungua kifuniko cha valvu: tazama silinda namba nne. Valvu zake zinapopokezana, ya moshi inamalizia kufunga na ya hewa inaanza kufunguka, namba moja iko juu kwenye kompreshani na roka zake zote mbili (vyuma vinavyozisukuma valvu) zinacheza kidogo ukizishika.

Ili kujua pistoni imefika juu, watu huingiza bisibisi kwenye tundu la plagi. Mimi sipendi. Tundu likiwa la kulala, bisibisi inabanwa kati ya pistoni na hedi, na nyuzi za plagi zinaharibika. Tumia mrija mrefu wa plastiki ule wa kunywea. Uone unavyopanda, unavyosimama, unavyoanza kushuka. Lakini pale juu pistoni husimama kwa digrii kadhaa bila mrija kuonyesha mabadiliko yoyote. Mrija unakuambia uko karibu, hauwezi kukuambia digrii.

Kama alama ya puli unaitilia shaka, tengeneza kizuizi. Chukua plagi mbovu, vunja kauri yake yote itoke, weka bolti ndefu yenye ncha ya mviringo katikati na uifunge imara. Zungusha krenki mpaka pistoni iwe imeshuka kiasi, kisha funga kizuizi hicho kwenye tundu la namba moja. Zungusha taratibu sana mpaka pistoni iguse kizuizi, kisha chora alama kwenye puli mbele ya kielekezi. Zungusha upande wa pili mpaka iguse tena, chora alama ya pili. Katikati kabisa ya alama hizo mbili ndipo topu ya kweli. Kuzungusha kinyume kunaweza kulegeza mkanda upande mbaya, kwa hiyo ukimaliza, toa kizuizi na uzungushe upande wa kawaida mizunguko miwili kamili kabla ya kusoma alama nyingine yoyote.

Kwa nini nasisitiza hivi? Puli nyingi za krenki zimetengenezwa kwa vipande viwili vya chuma vilivyounganishwa na mpira katikati ili kupunguza mtikisiko. Mpira ukizeeka, duara la nje linateleza juu ya la ndani, na alama ya taimingi iko kwenye duara la nje. Niliwahi kupoteza siku mbili nzima kwenye gari langu mwenyewe. Nilikuwa nimebadilisha cheni, kila alama ya ndani ilikuwa sawa, kompreshani nzuri, lakini nikipanga cheche kwa taa kwenye digrii 8 gari lilikuwa linakosa nguvu. Siku ya tatu ndipo nikatengeneza kizuizi. Duara la nje lilikuwa limeteleza digrii 14. Nilichora mstari mpya kwa patasi, nikaupaka rangi nyeupe, na gari likarudi kuwa gari siku hiyo hiyo. Ukikuta mpira wa puli umepasuka au umechomoza upande mmoja, usiiamini alama yake, na puli hiyo ibadilishe mapema.

Mkanda na alama zake

Ukiwa na topu ya kweli, fungua kifuniko cha mkanda. Alama ya gia ya kamshafti inatakiwa iangalie alama yake kwenye hedi, na gia ya krenki iangalie yake kwenye bloku. Tumia alama za gia yenyewe, si za puli ya nje. Kosa ninalolikuta sana ni fundi kuweka puli kwenye mstari wa digrii 10, ule wa kupangia cheche, akidhani ndio wa sifuri, kisha akafunga mkanda hapo.

Usitazame alama ukiwa umeinama pembeni. Shusha jicho liwe sawa na gia. Ukitazama kutoka juu, nusu jino linaonekana kama hakuna kitu, na jino zima linaonekana kama nusu.

Alama zikikataa, zihesabu kabla ya kuhamisha. Kama kamshafti imepita au haijafika kwa jino zima, mkanda umekosewa. Kama ni chini ya nusu ya jino, rudisha mkanda ulivyo na ukaze tenshena (gurudumu linalokaza mkanda) kwanza. Upande wa mkanda usio na tenshena lazima uwe umenyooka na kukaza kabla hujaachia tenshena. Ukiuacha umelegea, tenshena itauvuta na kamshafti itarudi nyuma jino moja mbele ya macho yako. Kaza, zungusha krenki kwa mkono mizunguko miwili kamili, kisha soma alama tena. Hatua hii ya mizunguko miwili ndiyo inayorukwa na wenye haraka, na ndiyo ingewaonyesha kosa kabla ya kufunga vifuniko.

Kuna injini ambazo distributa na pampu ya mafuta huendeshwa na shafti ya pembeni inayozungushwa na mkanda huo huo. Gia ya shafti hiyo nayo ina mahali pake. Valvu zinaweza kuwa sawa kabisa na cheche ikawa mbali kwa sababu hiyo moja.

Distributa iliyochomolewa

Distributa yenye gia ya meno ya mshazari huzunguka yenyewe inaposhuka kwenye nafasi yake. Unailenga rota (kile kipande kinachozunguka ndani ya distributa na kupeleka cheche kwenye waya) kwenye waya namba moja, unaisukuma, inaingia, na rota imekwenda kwingine. Toa, irudishe nyuma kiasi kile kile ilichozunguka, ingiza tena. Kama gia yake ina meno 13, kila jino ni karibu digrii 28 za distributa, yaani 55 za krenki. Huwezi kulifidia jino hilo kwa kuzungusha mwili wa distributa. Zile zenye ulimi uliowekwa nje kidogo ya katikati haziingii vibaya ila ukizilazimisha.

Injini ikiwa kwenye topu ya kompreshani ya namba moja, fungua kifuniko: rota iangalie waya wa namba moja. Ikiangalia upande wa pili kabisa, ambako kwenye injini nyingi ni waya wa namba nne, ulikuwa kwenye topu ya moshi.

Halafu waya. Injini nyingi za silinda nne hupiga 1-3-4-2, lakini si zote. Kuna za 1-2-4-3, na Beetle ya Volkswagen hupiga 1-4-3-2. Mara nyingi namba zimechorwa kwenye injini yenyewe. Jambo la muhimu ni upande rota inakozunguka. Mpangilio unafuata mzunguko wa rota, si mshale wa saa. Ukipanga 1-3-4-2 kinyume cha mzunguko, namba moja na nne zinabaki mahali pake, mbili na tatu zinapishana. Injini itawaka kwa silinda mbili na kupiga risasi kwa mbili nyingine. Zima injini, chomoa waya mmoja, uushikize chini kwenye chuma cha injini ili cheche isiumize koili (inayotengeneza umeme wa cheche), washa usikilize, kisha zima na uende kwa unaofuata. Ukiona waya wa moja na wa nne unaleta tofauti, wa mbili na wa tatu hauleti, badilishana hao wawili.

Kupanga cheche, mwisho kabisa

Pointi kwanza. Pengo likiwa kubwa, pointi zinafunguka mapema na cheche inatangulia. Likiwa dogo, inachelewa. Ukipanga taimingi kisha ukarekebisha pointi, umeipoteza taimingi. Kwa hiyo pengo, halafu taimingi.

Bila taa ya taimingi unaweza kuanza na balbu ndogo ya volti 12. Unganisha waya mmoja kwenye upande wa koili unaokwenda kwenye pointi, mwingine kwenye bodi. Weka krenki kwenye digrii za injini yako kabla ya topu, rudisha waya wa betri, fungua swichi. Pointi zikiwa zimefunga, balbu haiwaki, zikifunguka, inawaka. Zungusha distributa taratibu mpaka pale balbu inapoanza tu kuwaka, na ukaze. Kuizungusha distributa kinyume cha mwendo wa rota kunaitanguliza cheche, kuizungusha kuelekea mwendo wa rota kunaichelewesha.

Kisha taa. Injini ya moto, sailensi iko kwenye kiwango chake, mpira wa vakyumu wa distributa umechomolewa na kuzibwa kama kitabu cha gari kinavyotaka. Funga nywele na mikono ya shati, na kumbuka feni inaonekana kama imesimama chini ya mwanga wa taa hiyo. Soma alama. Halafu ongeza mzunguko hadi 2500 hivi kwa dakika: alama inatakiwa ihame taratibu ikitangulia, na irudi ukiachia. Isipohama, vijiwe vya ndani ya distributa vimeganda. Ikirukaruka, shafti ya distributa imelegea au cheni imerefuka. Rudisha mpira wa vakyumu na uunyonye kwa mdomo au kwa pampu. Usipoona mabadiliko, kiwambo kimetoboka.

Magari ya EFI yenye distributa yana jambo moja la ziada. Kompyuta huisogeza cheche yenyewe, kwa hiyo lazima uiambie itulie. Kwenye Toyota nyingi za miaka ya 1990 unaunganisha TE1 na E1 kwenye soketi ya uchunguzi, na taimingi inapangwa digrii 10. Bila kuunganisha, utafukuza alama inayokimbia.

Ukimaliza yote na gari bado linasumbua, nyunyiza maji kidogo kwenye maungio ya menifoldi ya hewa injini ikiwaka, mbali na waya na koili. Sauti ikibadilika, kuna mahali inavuta hewa, na hiyo si taimingi tena.

Liendeshe mlimani kwa gia ya tatu, kanyaga mafuta, sikiliza. Likigonga, rudisha digrii mbili. Likiwa kimya na linavuta, tazama bolti ya distributa imekaa wapi kwenye tundu lake, chora mstari wa rangi kati ya distributa na bloku, andika digrii ulizopanga. Kama pointi ni mpya, baada ya kilomita 500 fungua kifuniko upime pengo tena. Kisigino cha pointi mpya huliwa haraka mwanzoni, pengo linapungua, na cheche inaanza kuchelewa bila mtu yeyote kugusa kitu.